Mzee wa Kanda Anajibu: Yule Mtu wa Sura Nyingi

Kwa wanaoufungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi nilikuwa na chumba cha video hapa Langoni, Lamu, zama za deki na kanda. Mikeka chini, televisheni juu ya meza, jenereta uani ya kukabili siku umeme ukikatika. Alasiri ilikuwa zamu ya wanawake, usiku zamu ya wanaume. Chumba sasa kinauza vocha na maji ya chupa, nami nimebaki na kumbukumbu, ndiyo maana mhariri ananipa nafasi hii. Mwezi huu barua karibu zote zinamhusu mtu mmoja. Nadhani kuna kijana anayesambaza vipande vyake kwenye simu, na Mungu ambariki.

*Assalaam aleikum Mzee wa Kanda. Kuna vipande vinazunguka huku kwetu: wazee wawili wamekaa mezani, mmoja anauliza kwa upole, mwingine anamjibu kwa uso mkavu kama jaji. Muulizaji ni yule yule siku zote, mjibuji leo ana kilemba, kesho suti, keshokutwa ni mgonjwa. Bibi alipoona akasema, "Huyu namjua, alikuwa kwa mwenye deki Langoni." Ni nani huyu, na yu hai? Na mbona bibi hajui neno la Kihindi na anacheka? — Msichana wa Mkomani*

Wa aleikum salaam, binti yangu. Nisalimie bibi, na umwambie kuwa macho yake bado mazima. Mtu huyo alikuwa kwangu kweli, ndani ya kanda. Jina lake Moin Akhtar, mtu wa Karachi, Pakistani, na lugha anayosema ni Kiurdu. Hayuko hai. Alifariki Karachi tarehe 22 Aprili 2011 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 60. Allah amrehemu.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1950 mji huo huo. Wazee wake walitoka Moradabad, India ya kaskazini, wakahamia Pakistani India ilipogawanywa. Hilo la kuhama lishike, maana bila hilo humwelewi. Baada ya 1947 Karachi ilijaa watu wa kila pembe: wa Delhi na wa Lucknow, Wamemoni na Wagujarati wenye maduka, Wapathani waliokuja kutafuta kazi, Wapunjabi, Wabengali, na wenyewe Wasindhi waliokuwako tangu hapo. Mtoto aliyekulia mitaa hiyo alisikia lugha nyingi kabla hajala chakula cha mchana. Moin alizidaka zote. Alisema Kiurdu, Kiingereza, Kipunjabi, Kisindhi, Kipashto, Kibengali, Kigujarati na Kimemoni.

Akiwa na miaka 13 alipanda jukwaani akaigiza Shylock, yule mkopeshaji mkatili wa Shakespeare. Waliosoma *Mabepari wa Venisi* kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere wanamjua mzee huyo anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Fikiria mtoto ambaye ndevu hazijamwota anapewa mzee mwenye chuki na machungu ya miaka. Watoto wengi katika tamthilia za shule hupewa kuwa mti au askari wa pembeni.

Televisheni aliingia tarehe 6 Septemba 1966, katika onyesho la Siku ya Ulinzi ya nchi yao. PTV, kituo cha serikali, kilikuwa hakijatimiza hata miaka miwili tangu kianze Lahore mwaka 1964. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 na televisheni changa walikua pamoja. Tangu hapo hakutoka: mara mshereheshaji, mara mwigizaji wa tamthilia ndefu, mara jukwaani, mara anaimba. Wapo waliokuwa hodari kuliko yeye katika jambo moja moja. Aliyeweza yote pamoja bila kutweta, mimi sikumwona mwingine.

Vipande unavyoviona kwenye simu vinatoka katika kipindi cha *Loose Talk*, kilichoanza mwaka 2005 kwenye kituo cha televisheni cha ARY Digital. Anayeuliza ni Anwar Maqsood, na ndiye pia mwandishi wa maneno yote. (Nyumba ya ajabu ile. Dada yake mmoja, Fatima Surayya Bajia, aliandika tamthilia za televisheni. Mwingine, Zehra Nigah, ni mshairi. Mwingine, Zubaida Tariq, alikuwa mpishi maarufu wa televisheni. Sisi kwetu akitoka mmoja anayejua kusoma barua ya serikali tunachinja.) Kipindi kilikuwa kama mahojiano ya habari: meza, watu wawili, basi. Kila mara Moin alikuja na mtu mpya, na wakafika mamia: mwanasiasa, mchezaji wa kriketi, mshairi asiyejua kutunga, mfanyabiashara, mtumishi wa ofisi. Hakuna mapambo ya kumsaidia, hakuna mwenzake wa kuanguka kwenye ndizi. Kiti tu na uso wake.

Sasa swali lako la bibi. Zamu ya wanawake kwangu, waliojua Kiurdu walikuwa wachache mno. Wengine walikuwa wameokota okota kutoka kwenye sinema za Bombay, na maana nyingine wakajitungia. Lakini kanda ya Moin ikiwekwa, kicheko kilianza kabla hajafungua kinywa. Kuna bibi mmoja wa Kiamu, marehemu sasa, alikuwa akiwaambia wenzake, "Mtizameni, mato yake yateka kabula ya kanwa," yaani macho yake yanacheka kabla ya kinywa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikirudisha kanda nyingine, na kwa miaka nikawa namtazama kwa swali hilo: huyu anafanya nini kabla hajasema?

Anaanza na mabega. Akiwa mtu mwenye cheo, bega moja hupanda kidogo kama limezoea mtu kulisaidia kuvaa koti. Akiwa mtu mnyonge, huketi ukingoni mwa kiti, tayari kuambiwa aondoke. Halafu pumzi. Mtu mwongo kwake huvuta pumzi kabla ya jibu, mtu mjinga hajibu mpaka ameridhika na swali. Ukimtazama na sauti imezimwa utajua huyu ni nani, ana pesa au hana, mkewe anamheshimu au hamheshimu. Kiurdu kikija, kinakuja juu ya mtu ambaye tayari yuko. Ndiyo maana bibi yako alicheka, na alicheka pale pale walipocheka watu wa Karachi.

Nchi yake ilimtambua. Alipewa nishani ya Pride of Performance mwaka 1996, na Sitara-i-Imtiaz mwaka 2011, mwaka ule ule aliofariki.

*Mzee wa Kanda, mimi ni mwalimu wa madrasa. Wanafunzi wangu wameanza kuigana: mmoja anaiga kigugumizi, mwingine lafudhi ya wageni wetu kutoka bara, mwingine ananiiga mimi. Wakikemewa wanasema ni kama yule mzee wa Kiurdu. Allah anakataza watu kuwadharau watu wengine, iko wazi katika Suratul Hujurat aya ya 11. Wewe uliyetuletea kanda hizi unasemaje? — Mwalimu, Malindi*

Sheikh wangu, la halali na haramu nakuachia wewe na wenye elimu. Mimi elimu yangu ni ya kusafisha kichwa cha deki. Aya uliyoitaja sina la kuipinga. Nitasema ninachokijua kama mtu aliyewatazama waigizaji kwa riziki yake.

Kuna kuiga kunakochukua kasoro ya mtu ikaning'inizwa hadharani, na hiyo haihitaji kipaji. Mtoto yeyote anaweza kigugumizi. Sisi wa Lamu tunawaiga Wabajuni, Wabajuni wanatuiga sisi, na watu wa Malindi wanatuiga sote, na kwa kawaida tunaiga neno moja tu tukalirudia mpaka limechoka. Moin katika kazi yake nzuri alifanya jambo gumu zaidi. Alimpa yule mtu akili, hofu, tamaa na hoja zake. Mwanasiasa wake hachekeshi kwa sababu ya meno yake; anachekesha kwa sababu anajaribu kutetea jambo lisiloteteka, na wewe unamwona akitafuta mlango wa kutokea.

Sitakuficha: viko vipande vya *Loose Talk* ambavyo mzigo wake wote ni lafudhi ya kabila fulani au nchi jirani, na hivyo mimi huvipita. Hata mikono yake huonekana imechoka humo. Kipindi cha mamia ya watu hakiwezi kuwa dhahabu tupu.

Waliomlilia alipokufa walimsifu sana kwa jambo moja: kwamba miaka yote ile alichekesha bila matusi. Mimi nashuhudia kwa upande wangu. Kwenye chumba changu walikaa mama, binti na mkwe mkeka mmoja, na kanda ambayo ningelazimika kuikimbilia deki niisogeze mbele haikuwa ya Moin. Za wengine ziko, na nilikimbia.

Hao wanafunzi, ukiniruhusu: yule anayekuiga wewe, mwambie akuige mbele yako. Akiweza kukaa kama wewe, kunyamaza kama wewe na kufikiri kama wewe kwa dakika tano, una msomaji mzuri wa watu darasani, mpe kazi ya kusimulia visa vya Maswahaba. Akiishia kwenye kikohozi chako tu, mpe kifutio afute ubao.

*Mzee, mimi nakumbuka kanda moja ya yule yule mtu akiwa amevaa nguo za kike, anaitwa Rosy. Tulicheka mpaka tukalia, lakini mume wangu alipokuja kunichukua akaona kidogo akasema upuuzi gani huu. Miaka yote hii nataka kumjibu. Kile kilikuwa kisa gani hasa? — Mama wa watu, Shela*

Mama wa watu, jibu lako limechelewa, lakini mumeo bado yupo kwa idhini ya Mungu, kwa hiyo msomee hili kwa sauti.

*Rosy* ni tamthilia ya PTV iliyoandikwa na Imran Aslam, mwandishi wa habari, na kuongozwa na Sahira Kazmi. Kisa chake kimechukuliwa kutoka sinema ya Kimarekani ya mwaka 1982, *Tootsie*, ambayo mwigizaji wake mkuu ni Dustin Hoffman: mwigizaji mwanamume hana kazi, hakuna anayemtaka, basi anajibadili kuwa mwanamke na kwa sura hiyo anapata kazi. Na baada ya kuipata ndipo anapoanza kuonja wanayoonjeshwa wanawake makazini. Mkono unaowekwa begani bila kuombwa. Maneno matamu ya bosi. Kuitwa kwa jina la utani wakati wanaume wanaitwa kwa majina ya baba zao.

Kitu kilichofanya zamu yetu ya alasiri icheke mpaka machozi ni kwamba Moin hakumcheza Rosy kama mwanamume aliyevaa gauni. Wachekeshaji wengi wakivaa nguo za kike hukonyeza watazamaji kila baada ya dakika, kuwaambia "msisahau, mimi ni dume." Yeye alisahau. Rosy alikuwa mama wa makamo, mwenye heshima zake, mwenye ulimi wake, anayejua kuweka mtandio mahali pake. Mama mmoja alisema yule anafanana na shangazi yake wa Pate, na wote wanaomjua shangazi yule wakakubali. Upuuzi haufanani na shangazi wa mtu.

Kuhusu muongozaji, huenda unamjua pasipo kujua kuwa unamjua. Sahira Kazmi ndiye aliyeongoza *Dhoop Kinare* ya mwaka 1987, ile ya hospitali, ya Marina Khan na Rahat Kazmi, ambayo mlinichakazia kanda yake mpaka picha ikawa inanyesha. Rahat ni mumewe. Na baba yake Sahira alikuwa Shyam, nyota wa sinema za Bombay, aliyefariki mwaka 1951 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi wakipiga picha.

*Moin Akhtar na Umer Sharif walikuwa ndugu? Siku zote nawaona pamoja. — Muuza samaki, Malindi*

Hapana, ndugu yangu. Walikuwa watu wa mji mmoja na jukwaa moja. Umer Sharif alikuwa mdogo kwa umri, na jukwaa la Karachi lilikuwa ufalme wake. Yeye ndiye aliyeandika na kuongoza *Bakra Qiston Pe* ya mwaka 1989, yaani mbuzi wa kulipia polepole. Tamthilia hiyo ya jukwaani ilirekodiwa kwenye kanda za video ikavuka mipaka yote, India pia, wakati wenye nchi hawaelewani hata kidogo.

Kwangu ilifika kwa njia ya Mombasa, tukikaribia Idd, na jina lake peke yake lilinijazia chumba. Nani hapa hajapata kuchukua mbuzi kwa ahadi? Kisa chenyewe sitakusimulia kwa sababu wao wenyewe walikuwa wanakiacha njiani wakianza kutupiana maneno. Umer ni upanga: anarusha, anarusha, hakupi nafasi ya kupumua. Moin anamwachia arushe, anapangusa paji la uso, kisha anajibu neno moja la chini chini na ukumbi unavunjika. Ukitaka kujua ukomavu wa mwigizaji mtazame wakati mwenzake anasema. Moin alikuwa msikilizaji wa kulipwa.

Umer Sharif naye ameondoka. Alifariki tarehe 2 Oktoba 2021 nchini Ujerumani, akiwa safarini kupelekwa Marekani kwa matibabu.

*Shikamoo Mzee. Mimi nafanya vichekesho vifupi kwenye simu, nina wafuasi kidogo, lakini nimekwama: nina sauti nne tu, ya polisi, ya mama, ya mlevi na ya mzungu. Huyo Moin Akhtar alizipata wapi zote zile? Na je, mtu wa Malindi anaweza kufika popote? — Kijana wa Barani, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Nimeviona vichekesho vyako, mjukuu wangu amenionyesha. Polisi wako mzuri. Mama yako ni mlevi wako aliyefunga kitambaa.

Tuanze na Malindi. Unaniuliza kama mtu wa huko anaweza kufika popote, na wewe umekaa juu ya hazina. Nitajie mji mwingine wa pwani yetu ambapo asubuhi mtu anabishana bei ya nazi kwa Kigiriama, saa nne anamshawishi mtalii kwa Kiitaliano, adhuhuri anasikia hotuba yenye Kiarabu, na jioni anatukanwa kandanda kwa Kiswahili cha aina tatu. Kule Karachi Moin alikuwa na Kimemoni na Kipashto; wewe una hizo za kwenu. Wale vijana wa ufukweni wanaosema Kiitaliano kuliko Waitaliano wenyewe, umewahi kumsikiliza mmoja akimpigia simu mama yake mara tu mtalii akiondoka? Mabega yanashuka, sauti inarudi nyumbani. Mtu mzima yuko katika sekunde ile, na wewe unaenda kuchukua mlevi.

Kuna jambo nililithibitisha miaka ya diski, nilipoacha kanda. Jirani yangu wa wakati huo alikuwa mzee wa Kibohora, watu wanaosema Kigujarati, mwenye duka la vyombo, hapa hapa Lamu, mtu asiyecheka bure, sembuse hesabu zikiwa haziko sawa. Nikamwekea kipande Moin akiwa mfanyabiashara, akatumbukiza Kigujarati humo. Mzee akasogeza kiti. Akatazama mpaka mwisho pasipo kucheka, nikadhani ameudhika. Kumbe alikuwa anahakiki. Alipomaliza akasema, "Huyu amekaa dukani kwetu." Halafu ndipo akacheka, peke yake, muda mrefu. Hiyo ndiyo shahada. Wageni kucheka ukiwaiga wenyeji ni rahisi. Umtafute Mgiriama akutazame ukiwa Mgiriama, aseme umekaa kwao.

Pili, tafuta mwandishi. Hili vijana hamlipendi kwa sababu kila mtu ana simu na kila mtu anajiona ni kampuni. Moin alikuwa na kipaji cha kutosha watu kumi, na bado miaka yake mizito ni ile aliyokaa na Anwar Maqsood. *Half Plate*, tamthilia ya Anwar, Moin akiwa na mwigizaji Khalida Riyasat, itafute uitazame: watu wazima wanaongea nyumbani, hakuna anayekimbia, hakuna anayepigwa kofi, na huwezi kusinzia. Kila sentensi ilipimwa na mtu aliyekaa kitini akaandika, akafuta, akaandika. Pwani hii haina uhaba wa watunzi. Kuna watu wanatunga mashairi ya kujibizana kwa vina mchana kutwa na hakuna aliyewahi kuwaambia waandike mazungumzo ya watu wawili mezani. Nenda kwa mmoja wao na kahawa.

Tatu, umri. Alianza televisheni na miaka 15, lakini hicho kipindi ambacho nyinyi mnamjua kwacho alikianza akiwa na 54. Katikati hapo kuna karibu miaka 40 ya kazi ndogo na kubwa, sherehe za watu, maikrofoni zisizofanya kazi, usiku ambao ukumbi haukucheka. Wafuasi wako wachache si tatizo la mwaka huu.

Ya nne ni fupi: acha kucheka wewe mwenyewe mwisho wa kichekesho. Unatuharibia.

*Mzee, mimi sijui Kiurdu na bando langu ni dogo. Nianze na kipi? — Mhudumu wa hoteli, Lamu*

Anza na *Loose Talk*, vipande ni vifupi na YouTube imejaa. Tazama mara ya kwanza bila sauti. Ukimaliza vichache, nenda *Rosy*, hiyo utaielewa hata ukiwa jikoni. *Bakra Qiston Pe* iache mwisho. Ni ndefu, na utani wake mwingi ni wa maneno, itakula bando na utabaki unatazama watu wakipiga makofi.

*Baba yangu alikuwa baharia, ameacha sanduku la kanda za VHS. Nyingine zina unga mweupe ndani. Moja, alikuja nayo kutoka Jeddah, tulipopata deki ya kuazima ikatoa picha isiyo na rangi. Zimeharibika? Nizitupe? — Mtoto wa baharia, Matondoni*

Usitupe kitu, mwanangu, na Allah amrehemu baba yako, nilimjua.

Ile ya Jeddah haijaharibika. Saudi Arabia walitumia mfumo wa picha za televisheni uitwao SECAM, Kenya sisi tulitumia PAL. Kanda ya mfumo ule ukiiweka kwenye deki ya PAL tupu, picha inakuja nyeusi na nyeupe. Yalinikuta mwenyewe: hujaji mmoja aliniletea zawadi, nikaitangaza mtaa mzima, wateja wakadai nimewawekea sinema ya kabla ya vita na wakataka pesa zao. Kanda za Karachi hazikuwa na ugomvi huo kwa sababu Pakistani nao walikuwa PAL kama sisi. Tafuta deki ya mifumo mingi, rangi zitarudi.

Ule unga mweupe ni kuvu. Hewa yetu ya bahari ndiyo inayouleta, hasa kanda ikilala bila kuchezwa. Kanda yenye kuvu usiiingize kwenye deki hata kwa kujaribu, kwa maana kuvu itaingia kwenye vichwa vya deki, na kutoka hapo kila kanda utakayoiweka baadaye itapata maradhi yale yale. Zitenge kwanza, safi upande huu na chafu upande ule. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze, mahali pakavu pasipo jua. Na mwambie mama asizifukize udi. Najua nia yake ni njema, lakini moshi unaacha mafuta. Kusafisha kuvu ni kazi ya mtu aliyezoea kufungua gamba na kuipangusa mikanda polepole, halafu zihamishiwe kwenye kompyuta mara moja, kabla deki za mwisho hazijafa. Mombasa wako mafundi wanaofanya hivyo bado. Ulizia kwa wapiga picha za harusi wa zamani.

Umeandika kuwa moja ina karatasi yenye neno "MBUZI" kwa kalamu nyekundu. Kama herufi zimelala upande wa kushoto, ni hati yangu, na kanda ni yangu: baba yako aliazima kwa siku mbili akapata safari ya Mogadishu. Faini yake nimeisamehe. Kanda yenyewe niletee Ijumaa baada ya swala.